Mifupa Inayouma kwa Mgonjwa Anayesafishwa Damu: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kuongeza Vitamini D

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine akianza kulalamika kwamba mifupa inamuuma, jibu la haraka analopewa na ndugu, na wakati mwingine hata na watoa huduma, ni kwamba amepungukiwa vitamini D, kwa hiyo aongezewe. Mara nyingine jibu hilo ni sahihi. Mara nyingine ndilo linalomdhuru, kwa sababu maumivu yale yale ya kiuno, nyonga na miguu yanaweza kutokana na hali mbili zinazopingana: mifupa inayobomolewa kwa kasi kuliko inavyojengwa, na mifupa iliyozubaa, ambayo haijengwi wala haibomolewi. Vitamini D hai huisaidia hali ya kwanza na huizidisha ya pili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu na familia za wagonjwa wa Kigoma Mjini, Ujiji, Kasulu, Uvinza na kwingineko mkoani, ili dalili isomwe pamoja na majibu ya maabara kabla kidonge hakijaongezwa wala kupunguzwa. Dozi yenyewe hubadilishwa na daktari anayemhudumia mgonjwa, si na mtu mwingine.

Kinachoharibika mwilini

Mama anayeanika dagaa juani kutwa nzima pale Kibirizi, naye ni mgonjwa wa kusafishwa damu, ana haki ya kumuuliza muuguzi: "Mwanangu, jua lote hili ninalolipata, hiyo vitamini inapungua vipi?" Swali lake ni la msingi na linastahili jibu kamili. Ngozi yake hutengeneza vitamini D kutokana na jua, na ini huifanyia badiliko la kwanza. Lakini vitamini hiyo haiwezi kufanya kazi yake sawasawa hadi ifanyiwe badiliko la pili, na hilo kwa sehemu kubwa hufanyika ndani ya figo. Watafiti Fraser na Kodicek walilionyesha jambo hilo huko Cambridge mwaka 1970, na tangu hapo imefahamika kwamba vitamini D hai, yaani kalsitrioli, ni homoni inayotoka kwenye figo. Figo zikishindwa, vitamini ya juani hubaki kama mikungu ya michikichi iliyorundikwa uani bila mtu wa kuichemsha na kuikamua: mali ipo, mawese hayapo.

Kalsitrioli ikipungua, utumbo hunyonya kalsiamu kidogo. Wakati huo huo fosfeti, madini yatokayo kwenye chakula, ambayo figo nzima zingeitoa kwa mkojo, hubaki kwenye damu, na mifupa huitikia kwa kutoa homoni iitwayo FGF23, ambayo nayo huzidi kuzima utengenezaji wa kalsitrioli katika sehemu ndogo ya figo iliyosalia. Tezi nne ndogo zilizo shingoni nyuma ya thairoidi, ziitwazo parathairoidi, zikihisi kwamba kalsiamu imeshuka hutoa homoni yao, ambayo kwenye karatasi za maabara huandikwa PTH, na homoni hiyo huchota kalsiamu kutoka kwenye ghala lake kuu, yaani mifupa. Miaka ikipita tezi hizo hunenepa, mifupa hupoteza uimara wake, na kalsiamu pamoja na fosfeti iliyozidi huenda kujibandika kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye vali za moyo. Hilo la mishipa lisichukuliwe kuwa jambo la pembeni: maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza kuwaua watu wanaosafishwa damu, na tiba ya mifupa iliyokosewa huyachochea.

Majibu ya kuwa nayo mezani kabla ya kusoma dalili yoyote

Bila majibu ya kalsiamu, fosfeti na PTH yaliyosomwa kwa pamoja, kila kinachofanywa juu ya vitamini D ni kubahatisha. Albumini iongezwe, kwa sababu kalsiamu nyingi husafiri ikiwa imeshikwa na protini hiyo, na mgonjwa aliyekonda mwenye albumini ya chini ataonekana ana kalsiamu pungufu ilhali hana. Kanuni inayotumika ni kuongeza milimoli 0.02 ya kalsiamu kwa kila gramu moja ya albumini iliyopungua chini ya gramu 40 kwa lita. Kipimo cha alkalini fosfatasi, ambacho ni rahisi kuliko PTH, huonyesha kasi ya ubomoaji na ujenzi wa mifupa, mradi ini ni zima.

Kalsiamu ya kawaida huwa kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.8 na 1.5 hivi. Kwa PTH, mwongozo wa kimataifa wa tiba ya figo uitwao KDIGO wa mwaka 2009, uliorekebishwa mwaka 2017, unashauri kwamba kwa mtu anayesafishwa damu ibaki kati ya mara 2 na mara 9 ya kikomo cha juu cha maabara husika. Kama kikomo cha maabara ni pikogramu 65 kwa mililita, maana yake ni takriban 130 hadi 585. Mtu asiyezoea akiona 300 kwenye karatasi yenye alama nyekundu ya "juu" hushtuka na kutaka dawa, kumbe kwa mgonjwa huyu 300 si tatizo. Kinachopaswa kushtua ni mwelekeo, yaani 200 kuwa 400 na 400 kuwa 700. Kwa mwongozo huo huo, kalsiamu na fosfeti hupimwa kila baada ya mwezi 1 hadi 3, na PTH kila baada ya miezi 3 hadi 6.

Kabla ya kuamini majibu ya ajabu, sampuli ichunguzwe. Kalsiamu iliyoshuka kupita kiasi ikiandamana na potasiamu iliyopanda kupita kiasi, kwa mgonjwa asiye na dalili yoyote, mara nyingi humaanisha kwamba damu imeingia kwanza kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ambayo ina kemikali inayokamata kalsiamu, kisha ikamiminwa kwenye chupa nyingine. Pimeni upya. PTH nayo huharibika damu ikikaa kwenye joto, hasa kama si kwenye chupa hiyo ya zambarau, kwa hiyo sampuli inayosafirishwa kwenda maabara ya mji mwingine bila ubaridi inaweza kurudi na jibu la chini lisilo la kweli. Damu ichukuliwe kabla mashine haijaanza kazi, bila kuuacha mkono umefungwa kwa muda mrefu. Kosa jingine ni la vizio: maabara moja hutoa kalsiamu kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na 2.5 ya kwanza ndiyo 10 ya pili. PTH ya pikogramu 470 kwa mililita ni sawa na pikomoli 50 kwa lita. Nimeona daftari la mgonjwa ambamo PTH ilionekana "kushuka" mara tisa kwa mwezi mmoja, na furaha ikawa kubwa, kumbe kilichobadilika ni maabara.

Dalili: mifupa inauma, kuinuka kutoka kwenye kigoda ni shida, na PTH iko juu sana

Hii ndiyo picha ya kawaida. Maumivu hukaa kiunoni, nyongani, magotini na visiginoni, huzidi mtu akisimama, na misuli ya mapaja hulegea kiasi kwamba mgonjwa hujisukuma kwa mikono anapoinuka au anapopanda ngazi. Alkalini fosfatasi huwa imepanda. Hapa vitamini D hai ina nafasi yake halisi, lakini lazima kwanza liulizwe swali la fosfeti, kwa sababu kalsitrioli hufungua mlango wa utumbo kwa kalsiamu na kwa fosfeti pia. Mgonjwa mwenye fosfeti ya 2.6 akianzishiwa kalsitrioli bila kushughulikia chakula, vidonge vya kuzuia fosfeti na muda wake wa mashine, fosfeti itapanda zaidi, na mishipa yake ndiyo itakayolipa gharama.

Kama fosfeti na kalsiamu vinaruhusu, daktari huanza na dozi ndogo ya kalsitrioli au alfakalsidoli, hupima kalsiamu na fosfeti baada ya wiki chache, kisha huongeza kwa hatua. Maumivu hayaondoki kwa siku mbili. Mgonjwa aambiwe hivyo tangu mwanzo, la sivyo ataacha dawa au atajiongezea mwenyewe.

Dalili: anameza dawa, lakini PTH haishuki

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na mara nyingi sababu iko mkononi mwa mgonjwa. Mwombe alete dawa zote, pamoja na maboksi yake, siku ya kusafishwa, kisha zisomwe mbele yake.

Angalia jina na kizio. Boksi lenye maneno kalsitrioli au alfakalsidoli, lenye kidonge cha mikrogramu 0.25, ni la vitamini D hai, au, kwa alfakalsidoli, ya ile inayohitaji badiliko la ini peke yake. Boksi lililoandikwa kolekalsiferoli, yuniti 1,000 au 50,000, ni la vitamini ile ile inayotoka juani. Duka la dawa linaweza kuitoa badala ya nyingine kwa nia njema kabisa, kwa sababu zote mbili huitwa vitamini D, na namba zenyewe hupotosha: yuniti 1,000 ni mikrogramu 25, yaani kwa uzito ni mara 100 ya kile kidonge cha 0.25, lakini kwa mtu asiye na figo haziwezi kuchukua nafasi yake. Kolekalsiferoli si haramu kwa mgonjwa wa kusafishwa damu, maana wapo wanaopungukiwa hata hiyo mali ghafi na daktari akaamua kuwapa. Kosa ni kudhani kwamba anayemeza hiyo tayari anapata tiba ya tezi.

Sababu ya pili ni fosfeti iliyobaki juu, ambayo huichochea tezi hata kama kalsitrioli ipo. Ya tatu ni dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na fenitoini, kabamazepini na fenobabitali za kifafa, huliamsha ini liharibu vitamini D haraka kuliko kawaida, na mgonjwa aliyeanza dawa za kifua kikuu katika zahanati ya kijijini kwake huenda asikumbuke kulitaja hilo kwenye kitengo cha kusafisha damu. Ya nne ni utunzaji: vidonge vya kalsitrioli havipendi mwanga wala joto, kwa hiyo visihamishiwe kwenye mfuko wa plastiki na kuachwa dirishani au kwenye dashibodi ya gari. Ya tano, ambayo watu huona haya kuisema, ni kwamba dawa iliisha na pesa haikuwepo. Muuguzi aulize swali hilo kwa upole na faragha, bila kuweka lawama ndani yake: "Mzee, mwezi huu dawa imekutosha, au kuna siku zilikosa?" Jibu la kweli litamwepusha na kuongezewa dozi bure.

Baada ya hayo yote, ikiwa PTH inazidi kupanda huku kalsiamu nayo ikipanda, basi tezi zenyewe zimeshanenepa na kuwa na vinundu visivyosikia tena amri ya vitamini D. Kuongeza kalsitrioli katika hali hiyo ni kumwaga kalsiamu kwenye mishipa. Njia zinazobaki ni dawa ya sinakalseti, ambayo huifanya tezi ihisi kana kwamba kalsiamu inatosha, au upasuaji wa kuondoa tezi, na mgonjwa wa mkoani anapaswa kupewa rufaa mapema kwa daktari bingwa wa figo kabla mifupa haijaanza kuvunjika.

Dalili: fosfeti iko juu kila mwezi

Hesabu yenyewe inaonyesha ugumu ulipo. Chakula cha kawaida kinaweza kuwa na takriban miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku, na zaidi ya nusu yake huingia kwenye damu. Kipindi kimoja cha saa 4 kwenye mashine huondoa miligramu 800 hivi. Anayesafishwa mara 3 kwa wiki bado anabaki na ziada, na anayesafishwa mara 2, au anayekatiza saa ya mwisho ili awahi gari la Kasulu, ana ziada kubwa zaidi. Kwa hiyo jambo la kwanza kuangalia ni karatasi ya mahudhurio: vipindi vingapi vilikosekana, na saa ngapi zilikatwa. Hakuna kidonge kinachofidia hilo.

Jambo la pili ni sahani. Kwa mkoa huu siwezi kuzungumzia fosfeti bila kuzungumzia dagaa wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu huliwa wazima, na vichwa na miiba yao, na wakikaushwa maji hutoka lakini fosfeti hubaki, ikawa nyingi zaidi kwa kila kiganja. Sipendekezi kumkataza mtu wa Ujiji dagaa moja kwa moja. Anayesafishwa damu anahitaji protini nyingi kuliko mgonjwa wa figo ambaye bado hajafika kwenye mashine, yaani gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na aliyekatazwa kila kitu hukonda, na kukonda nako huua. La maana ni namna ya kula. Mnofu wa mgebuka mbichi uliotolewa miiba una fosfeti ndogo kuliko dagaa wakavu kwa protini ile ile. Dagaa wenyewe, wanapoliwa, waondolewe vichwa, walowekwe, wachemshwe kwa maji mengi, maji hayo yamwagwe, kisha ndipo waungwe, na kiasi kiwe kidogo. Ute mweupe wa yai ni protini nzuri yenye fosfeti kidogo sana. Kiini ndicho chenye nyingi. Maharage na unga wa dona vina fosfeti, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya mmea na utumbo wa binadamu hunyonya chini ya nusu yake. Maziwa, yawe mabichi ya kuchemsha au mtindi, yapimwe kwa kikombe kidogo. Mawese hayana tatizo hili.

Kibaya kuliko vyote hakifanani na chakula cha mgonjwa: soda nyeusi za kola, soseji na nyama za kopo. Fosfeti iliyotiwa humo kiwandani haijafungwa na chochote, na karibu yote huingia kwenye damu. Mtu anaweza kujinyima samaki wiki nzima, kisha akanywa soda ya kola kila siku anapotoka kwenye mashine, kwa kuwa ndugu humnunulia ili "apate nguvu".

Jambo la tatu ni saa ya kumeza kalsiamu kaboneti. Kidonge hiki hukamata fosfeti ndani ya utumbo, kwa hiyo lazima kikutane na chakula. Mtu anayekimeza usiku wakati wa kulala, tumbo likiwa tupu, hapati kizuizi cha fosfeti. Anapata kalsiamu tu, ambayo huingia kwenye damu na kumweka katika hatari nyingine. Akimeze katikati ya mlo, na mlo mkubwa zaidi wa siku upate sehemu kubwa zaidi ya dozi. Kinapomezwa pamoja na vidonge vya madini ya chuma, siprofloksasini au dawa ya thairoidi, huzizuia dawa hizo zisifanye kazi, kwa hiyo zitenganishwe kwa saa kadhaa. Kama kalsiamu ya damu tayari iko juu, daktari atatafuta kizuizi kisicho na kalsiamu, mfano sevelama, pale kinapopatikana.

Dalili: kufunga choo, kichefuchefu, kiu, kuchanganyikiwa, kalsiamu imepanda

Kalsiamu ikizidi 2.6 baada ya kusahihishwa kwa albumini, vitamini D hai husimamishwa au hupunguzwa, na daktari ajulishwe siku hiyo hiyo. Jambo hili lisisubiri kliniki ya mwezi ujao, na lisisubiri kabisa kwa mgonjwa anayetumia digoksini, dawa ya moyo, kwa kuwa kalsiamu ya juu huongeza hatari ya mapigo ya moyo kuvurugika. Kwa kalsitrioli na alfakalsidoli kalsiamu huanza kushuka ndani ya siku chache hadi wiki moja hivi baada ya kuacha. Kwa kolekalsiferoli ya dozi kubwa haiwi hivyo: hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili, na madhara yake huweza kudumu wiki nyingi au miezi. Hiyo ndiyo sababu mgonjwa asiruhusiwe kujinunulia vidonge vya yuniti 50,000 kwa kusikia kwamba "ni vitamini tu".

Tafuta chanzo kwa mpangilio. Je, anameza kalsiamu kaboneti nje ya chakula, au vidonge vingine vya kalsiamu alivyoletewa na ndugu? Je, maji ya mashine yana kalsiamu kiasi gani? Mwongozo wa KDIGO unapendekeza milimoli 1.25 hadi 1.50 kwa lita, na mchanganyiko wa 1.75 humwongezea mgonjwa kalsiamu kila anapolala pale kitandani. Je, PTH iko juu sana, ishara ya zile tezi zenye vinundu?

Na kama PTH iko chini huku kalsiamu ikiwa juu, na mgonjwa hamezi chochote cha kueleza hali hiyo, fikiria kifua kikuu. Vinundu vya kifua kikuu hutengeneza kalsitrioli vyenyewe, nje ya figo, bila kusikiliza amri ya mwili. Homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito huweza kuhesabiwa kimakosa kuwa uchovu wa mashine. Nimeliandika hili kwa urefu kidogo kwa sababu kifua kikuu kipo kati yetu, wagonjwa wa figo hukipata kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine, na kalsiamu iliyopanda bila maelezo inaweza kuwa ishara yake ya mapema.

Dalili: ganzi mdomoni na vidoleni, misuli kukakamaa, degedege, kalsiamu imeshuka

Degedege, koo kubana au mapigo ya moyo yasiyo sawa ni dharura: mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa atahitaji kalsiamu kwa njia ya mshipa. Ganzi ya kuzunguka midomo na mikono kujikunja huruhusu muda mfupi wa kupima kwanza. Sababu za kawaida ni kuacha dawa ghafla, kuanzishiwa sinakalseti bila kupimwa kalsiamu mara kwa mara, na upasuaji wa tezi za parathairoidi. Baada ya upasuaji huo mifupa iliyonyonywa kwa miaka hunywa kalsiamu yote ya damu kwa pupa, na mgonjwa huweza kuhitaji dozi kubwa za kalsiamu na kalsitrioli kwa wiki au miezi, kwa hiyo asirudishwe nyumbani Kibondo au Kakonko kabla ya kujulikana nani atampima, na wapi.

Dalili: mifupa inauma, lakini PTH iko chini

Huu ndio mtego niliouonya mwanzoni. PTH iliyo chini ya mara 2 ya kikomo, alkalini fosfatasi isiyopanda, kalsiamu inayoelekea juu, na pengine mfupa uliovunjika kwa kuteleza tu: mifupa imezubaa. Hutokea zaidi kwa wazee, kwa wenye kisukari, na kwa waliopewa kalsiamu na vitamini D hai nyingi kwa muda mrefu kwa nia ya kuwalinda. Mfupa wa namna hii hauwezi kupokea kalsiamu, na kila kinacholetwa hutafuta mahali pengine pa kukaa. Matibabu ni kupunguza au kuacha vitamini D hai, kupunguza kalsiamu ya vidonge na ya maji ya mashine, na kuiacha PTH ipande hadi kiwango kinachofaa. Familia huona vigumu kukubali kwamba dawa ya mifupa inaondolewa kwa mtu ambaye mifupa inamuuma. Wakalishwe chini, waonyeshwe namba zake za mwaka mzima, waelezwe polepole.

Kuna sababu nyingine ya picha kama hii, na inahusu maji. Aluminiamu ikiingia mwilini hukaa kwenye mifupa na kuilainisha, huleta upungufu wa damu usiosikia dawa, na huharibu ubongo. Inatoka sehemu mbili: dawa za kutuliza kiungulia zenye aluminiamu zinazomezwa kila siku, na maji ya mashine yaliyotokana na maji yaliyosafishwa kwa shabu kisha yasichujwe inavyopaswa. Kiwango kinachokubalika kwenye maji ya kusafishia damu ni miligramu 0.01 kwa lita, kidogo sana kuliko kwenye maji ya kunywa. Wagonjwa kadhaa wa kitengo kimoja wakianza kuumwa mifupa kwa wakati mmoja huku PTH zao zikiwa chini, mtambo wa maji ukaguliwe kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote dozi yake.

Kuwashwa, macho mekundu, vidonda vya ngozi

Kuwashwa mwili mzima na macho mekundu yenye chembe nyeupe huendana na fosfeti na kalsiamu kuwa juu kwa pamoja, na tiba yake ni kuvishusha. Doa la ngozi la zambarau lenye maumivu makali yasiyolingana na ukubwa wake, hasa tumboni, mapajani au matakoni, ni jambo jingine la hatari kubwa: mishipa midogo imeziba kwa kalsiamu. Wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wako hatarini zaidi. Lisipakwe dawa ya kienyeji wala kufungwa tu bendeji. Mgonjwa amwone daktari siku hiyo, akiwa na orodha ya dawa zake zote.

Maumivu ambayo hayahusiani kabisa na vitamini D

Mgongo unaouma mahali pamoja usiku na mchana, pamoja na homa, uchunguzwe kwa ajili ya kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kwa mfugaji au mnywaji wa maziwa yasiyochemshwa, kwa ajili ya ugonjwa wa brusela, unaotoka kwa mifugo. Kidole gumba cha mguu kilichovimba ghafla huenda ni jongo. Vidole vinavyokufa ganzi usiku kwa mtu aliyekaa kwenye mashine miaka mingi huweza kutokana na protini inayorundikana kwenye kifundo cha mkono na kuubana mshipa wa fahamu.

Mgonjwa anapohama kituo

Wagonjwa wetu husafiri: kwa treni hadi Tabora au Dodoma, kwa basi hadi Mwanza, kwa rufaa, kwa msiba, au kwa kufuata watoto. Kila uhamisho ni nafasi ya tiba ya mifupa kuvurugika, kwa sababu kituo kipya huona mtu mwenye mifupa inayouma na hakioni historia yake. Anayeondoka apewe karatasi yenye majibu ya kalsiamu, fosfeti, albumini na PTH ya miezi 6 iliyopita, kila jibu likiwa na kizio chake na kikomo cha maabara iliyolitoa, jina la aina ya vitamini D anayomeza na mikrogramu zake, saa anazomeza kizuizi cha fosfeti, sababu ya badiliko la mwisho la dozi, na kiwango cha kalsiamu kwenye maji ya mashine. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika zaidi, ilhali mgonjwa aliyezoeshwa 1.25 akihamia kwenye 1.75, au kinyume chake, kalsiamu na PTH zake zitabadilika bila mtu yeyote kugusa kidonge, kwa hiyo kituo kinachompokea kimpime upya ndani ya mwezi wa kwanza.